Muuguzi mchanga asiachwe pweke na mtoto mchanga

Mpwa wangu alihitimu uuguzi kwa alama ambazo ukoo mzima ulizionea fahari. Katika wiki ya tatu ya ajira yake, katika hospitali moja ya umma, alipangiwa zamu ya usiku kwenye wadi ya watoto wachanga mahututi. Wauguzi walikuwa wawili, watoto thelathini na wanne. Saa nane za usiku mwenzake aliitwa upesi katika chumba cha kujifungulia kumhudumia mtoto aliyezaliwa bila kulia. Hapo ndipo mtoto mwingine, mwenye uzani wa gramu 1,200, alipoacha kupumua.

"Mjomba," aliniambia baadaye, "swali hilo nilikuwa nimelijibu katika mtihani. Kila kitu nilikijua, ila mikono yangu haikujua." Alikawia kidogo, kisha akamsugua mtoto nyayo na pumzi zikarejea. Kulipopambazuka alianza kuandika barua ya kuacha kazi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo, kauli hiyo naifahamu vyema. Kila mwaka nawaona wanafunzi wawezao kuchanganua sentensi ya lugha ya kigeni ubaoni, lakini ukiwapeleka sokoni kwa wenyeji wa lugha hiyo, ulimi huwa mzito. Kuijua kanuni ni jambo moja. Kuitumia bila kusita ni jambo jingine. Kwa safari iliyo baina ya mambo hayo mawili, Kiswahili kina neno zuri: uanagenzi. Fundi seremala hampi mwanagenzi mbao ya mvule siku ya kwanza. Yawaje basi tumpe muuguzi aliyehitimu juzi maisha ya watoto kumi na saba, tena usiku?

Kazi yenyewe haina nafasi ya kubahatisha. Mtoto aliyezaliwa mapema mno hupoteza joto haraka kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba. Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa, na aghalabu hawezi kunyonya, hivyo hulishwa kwa mpira mwembamba unaofika tumboni. Dawa yake hukadiriwa kwa uzani. Nukta ikihama nafasi moja tu, kipimo huzidi mara kumi au hupungua mara kumi. Hata oksijeni inayomwokoa, ikizidi kiasi huweza kumpofusha. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati wake, alipoteza uwezo wa kuona kwa njia hiyo. Yote haya yamo vitabuni. Lakini namna ngozi ya mtoto inavyobadilika rangi kabla mashine haijapiga kengele, hilo hufunzwa na mtu aliyesimama kando yako.

Nchini Marekani jambo hili lilizua mjadala mapema. Mwaka 1974 Marlene Kramer alieleza mshtuko unaomkumba muuguzi mpya anapotoka chuoni na kukutana na kazi ilivyo. Mwaka 1984 Patricia Benner akabainisha hatua tano ambazo muuguzi hupitia tangu uanagenzi hadi ubingwa. Mwaka 2002 ukaanzishwa mpango wa mwaka mmoja wa kuwalea wauguzi wapya kazini, na hospitali nyingi zikaufuata au zikabuni wao. Katika wadi za watoto mahututi, mgeni huanza na watoto waliotulia, ambao haja yao ni kulishwa na kuongeza uzani. Muuguzi mkongwe huwa naye zamu baada ya zamu. Baada ya muda ndipo hukabidhiwa watoto wanaopumua kwa mashine. Tena hukutana na wapya wenzake, wakazungumzia makosa na hofu zao bila ya kukemewa.

Hapa Kenya, wenye shahada ya uuguzi hupitia mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini. Mwaka huo, hata hivyo, huzungushwa idara baada ya idara, na wadi ya watoto wachanga hupata sehemu ndogo tu. Wenye stashahada, ambao ni wengi zaidi, aghalabu huingia kazini moja kwa moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Lengo la dunia ni kuwa ifikapo mwaka 2030 wasizidi 12.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi ni haba mno, na kwamba kumweka mtu chini ya ulezi mwaka mzima ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mwanagenzi hakai kitako akitazama. Huosha, hulisha, hupima na huandika. Tofauti ni kwamba yupo wa kumuuliza. Isitoshe, uhaba huohuo huzidishwa na vijana wanaovunjika moyo na kuondoka. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya huko, ambako muuguzi mgeni kwa kawaida huongozwa kwanza kabla ya kuachiwa wagonjwa. Ni kinaya kwamba mtu afanye kazi peke yake nyumbani, kisha akalelewe ugenini.

Maadamu huduma za afya zi mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, kaunti zinaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Kwanza, muuguzi mpya asipangiwe usiku katika wadi hii pasipo mkongwe wa kumwongoza. Pili, mkongwe anayelea apewe marupurupu na apunguziwe watoto, kwani kufundisha ni kazi. Tatu, aliyekwisha kuiva asihamishiwe wadi nyingine kiholela, maana ujuzi wake huondoka naye.

Nanyi walimu wa shule za upili, mnapowashauri wanafunzi wenu kuhusu uuguzi, msiwatajie alama za Biolojia pekee. Waambieni waulize: nitakapoajiriwa, nani atasimama nami?

Barua ya mpwa wangu haikufika kwa mkubwa wake. Muuguzi mmoja mkongwe aliiona mezani, akaomba wapangiwe zamu pamoja kwa miezi sita. Leo binti huyo bado yuko wadini, na yeye ndiye anayewapokea wageni. Wazee walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Alichokipata yeye kwa bahati, wenzake wapewe kwa utaratibu.