UNGA WA KURA SI KINGA YA NJAA



Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi nchini mwetu, tuliamini ya kwamba mtawala anayeogopa kura ataogopa pia njaa ya raia wake. Hatukukosea. Lakini hatukutambua ya kuwa mtawala wa namna hiyo huiogopa zaidi njaa ya mwezi wa kura.

Na tutazame yaliyopita. Mwaka 2017 tulipiga kura Agosti 8. Tangu Mei pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa ikiuzwa shilingi 90 kwa ruzuku ya serikali. Mwaka 2022 tulipiga kura Agosti 9. Julai 20 tukatangaziwa kwamba pakiti iyo hiyo, iliyokuwa imefikia shilingi 205, itauzwa shilingi 100. Muda wa neema hiyo? Majuma manne! Je, tumbo la mtoto wa Mathare nalo hufuata ratiba ya uchaguzi?

Wakati huo huo, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zilikuwa katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Mfugaji aliyepoteza mbuzi wake hana cha kuuza. Unga ukiwa 205 au 100, kwake ni mamoja. Huyo hahitaji bei ya muda. Ahitaji fedha mkononi, kila mwezi, kabla mifugo haijaanguka.

Wako wanaotukumbusha ya kuwa katika ukame wa 1984 serikali ya chama kimoja iliagiza mahindi mapema, na baa kubwa likaepukwa. Ni kweli, nasi hatuoni haya kukiri. Lakini raia wa 1984 aliokolewa kwa hiari ya wakubwa, wala hakuwa na pa kuwashitaki iwapo wangekataa. Hisani haidaiwi, haki hudaiwa.

Ndiyo sababu tulipigania Katiba mpya, tukaipata mwaka 2010. Ibara ya 43 yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na ya kwamba Serikali itawapa hifadhi wasioweza kujikimu. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipofunguliwa kwa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, mzee alipangiwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanzo ulikuwa mwema. Lakini kwa bei za Julai 2022, fedha hizo hazikutosha pakiti 10 za unga. Na mara nyingi malipo yamechelewa kwa miezi, mzee akikopa dukani kwa jina la Serikali isiyolipa.

Basi twadai haya: malipo ya wazee na ya wafugaji yalipwe kwa tarehe, yapande bei ya unga ipandapo, na yasiguswe na anayetafuta kura. Na wewe msomaji, atakapokujia mgombea na pakiti ya unga, mwulize: mwezi wa Oktoba tutakula nini?

Vyama vingi bila chakula ni ushindi nusu. Tuukamilishe!