Koki Moja Baada ya Mita

Katika mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini uliokusudia kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikutimia. Miongoni mwa sababu zake, upungufu wa matengenezo haukuwa mdogo, nami nadhani shule zetu bado hazijalichukua somo hilo.

Maji ya Ziwa Viktoria, yanayosafishwa Ihelele wilayani Misungwi, yalifika Kahama na Shinyanga kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Mabomba makuu yalipimwa na wahandisi. Lakini kipande cha mwisho, lile bomba jeusi la plastiki litokalo kwenye mita hadi uani, mara nyingi hulazwa bila koki yo yote. Likivuja, mwenye nyumba hulikunja na kulifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ni ufundi wa dharura, wala si wa kudharauliwa. Ubaya wake ni kuachwa kwa miezi. Plastiki iliyokunjwa huvutika mno upande wa nje wa kunjo, na hatimaye hupasuka pale pale.

Ufa huo ni hatari zaidi ya upotevu. Maji yakatikapo kwa mgao, kanieneo ndani ya bomba hushuka, na tope la nje huweza kufyonzwa. Huko Geita, ambako wachimbaji wadogo wamezoea kukamatia dhahabu kwa zebaki, tope la karibu na marudio si la kuingia katika mtungi wa mtu.

Koki na ikae mara tu baada ya mita, upande wa mteja. Maji hufungwa, bomba hukatwa wima kwa kisu kikali, na kingo zake hulainishwa. Nati ya kiungo hutangulia kuvishwa, kisha pete yake, ndipo bomba husukumwa mpaka ligote. Nati hukazwa kwa mkono, halafu kwa spana kidogo tu. Nachukizwa na desturi ya kulichoma bomba kwa moto ili lipanuke: ukuta wake huungua na kuwa mwembamba.

Jambo lisahauliwalo ni joto. Kila meta ya polithini hurefuka yapata milimeta 0.2 kwa kila digrii moja. Bomba la meta 50 lililofungwa adhuhuri, likipoa digrii 20, litafupika sentimeta 20 na kujichomoa katika koki. Kwa hiyo lilazwe mtaroni kwa mapindi. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, hulivuta zaidi; ule wa luseni ni mpole.

Wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya fundi, si ya mwanafunzi wa sekondari. Lakini kanieneo, mtanuko na nguvu vimo katika fizikia yake, naye huvikariri bila kushika spana. Mwalimu na aanze na hesabu nyepesi: tone moja kila sekunde, ikiwa matone 20 ni mililita moja, ni lita 4.32 kwa siku. Kisha darasa litoke nje na chupa, likapime bomba la shule.