Mwacheni Asia na Jina Lake



Wiki iliyopita binti mmoja wa darasa langu alikuja na baba yake, macho mekundu kwa kulia. Jina lake Asia. Ustadhi mmoja alimwambia mbele ya wenzake kuwa jina hilo maana yake ni "mwenye kuasi", Mtume (S.A.W.) alilikataa, basi abadilishe vyeti vyote na baba achinje akika upya. Leo mniwie radhi, sitakuwa mpole.

Hadithi yenyewe ni sahihi, imo katika Sahih Muslim: binti wa Umar (R.A.) alikuwa na jina hilo la uasi, Mtume (S.A.W.) akamwita Jamila. Lakini jina lile ni عاصية, kwa ‘ayn na swad. Binti yetu ni آسية, kwa alif ya madda na sin. Mtoto wa Juzuu Amma anazitofautisha! Herufi zetu za Kiswahili hazina ‘ayn wala swad, ndiyo majina mawili yakaandikwa sawasawa: Asia, Asya, na huku kwetu Burundi utaona hata Assia kwa mwandiko wa Kifaransa. (Bara la Asia nalo halimo humu, jina lake ni la Kigiriki.)

Na Asia ni nani? Ni mke wa Firauni. Qur'an haikumtaja kwa jina, imemtaja kwa vitendo. Katika Surat al-Qasas aya ya 9 ndiye aliyezuia Musa (A.S.) asiuawe akiwa mchanga. Katika Surat at-Tahrim aya ya 11 Allah amempigia mfano wote walioamini. Jina limekuja katika hadithi ya Bukhari na Muslim, ambamo ametajwa pamoja na Maryam binti Imran kwa ukamilifu. Kwa Kiarabu neno hilo pia ni mwanamke mwenye kutibu majeraha. Kama kuna kuasi, alimuasi Firauni!

Ama akika, hairudiwi hata jina likibadilishwa kwa haki. Hadithi ya Jamila haina mbuzi ndani yake. Kumtia gharama mzazi maskini kwa sababu mwalimu hakutazama herufi, hiyo ni dhulma.

Niliandika majina yote mawili ubaoni, binti akayasoma mwenyewe mbele ya wenzake. Ustadhi naye namkaribisha Jumamosi baada ya Alasiri, chaki ipo.