Risasi ya zamani hailinde nyumba

Mwenyeji wa Kakontwe ao mkimbizi anayeficha risasi za zamani chini ya kitanda kwa kuogopa wezi wa usiku, anajidanganya. Kutu ya kijani inaonekana juu ya shaba. Unyevu ulioingia ndani hauonekani, nao unaharibu baruti. Risasi kama hiyo inaweza kukataa kulia, ao kukwama ndani ya mtutu. Akipiga ya pili, bunduki inampasukia mwenyewe, mwizi anabaki mzima.

Hapa Katanga, shirika PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda lilipokea bunduki na kutoa baiskeli. Baiskeli hubeba makala na unga, hulisha jamaa. Serikali ifungue tena njia hiyo, bila kumfunga anayeleta. Na mtoto akiokota risasi, isitupwe motoni.