Si Uzee, ni Nauli

Katika sharika zetu wapo wazee wanaoshikwa mkono hadi kwenye benchi. Zamani walisoma masomo mbele ya kusanyiko. Leo wanakuja na Biblia wasiyoweza kuifungua. Tukiulizwa wamepatwa na nini, tunajibu kwa neno moja: uzee. Tunamtaja Isaka, ambaye macho yake yalififia, na kuhani Eli, kisha tunaendelea na matangazo. Jibu hilo si la kweli, na sisi ndio tunaolieneza.

Ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko yote duniani ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho, iliyopaswa kuwa angavu, inaingia ukungu hadi mwanga haupiti. Hauondoki kwa dawa ya matone wala kwa mitishamba. Tiba yake ni upasuaji: daktari anatia ganzi, anaitoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa moja, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Basi mbona wengine wanaona na wengine hawaoni, nao ni wa rika moja? Tuseme kweli. Mzee mwenye pensheni, au mwenye mtoto aliyeajiriwa mjini, akianza kuona ukungu anapelekwa hospitali. Mjane wa kijijini anaambiwa avumilie, na sisi tunamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwagawa wazee wake hivyo. Waliowagawa ni umaskini na uzembe wetu.

Kwa utaratibu wa serikali yetu, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo. Ni jambo jema, lakini msamaha huo haumfikishi hospitali. Madaktari bingwa wa macho wengi wako mijini. Asiyeona hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Kuna chakula na mahali pa kulala, na kuna siku ya kurudi kuangaliwa. Anayemsindikiza naye ameacha palizi yake. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba wanawake ndio wanaokosa zaidi upasuaji huu. Hatushangai: fedha ya nyumba haimo mikononi mwa bibi, naye hataki kuwalemea wanawe.

Tumehubiri mara nyingi juu ya mgonjwa wa birika la Bethzatha. Alikaa katika ugonjwa wake miaka 38, na maji yalikuwa palepale. Alipoulizwa na Bwana, alieleza kwamba hakuwa na mtu wa kumtia majini. Hakulalamikia maji, alikosa mtu. Wazee wetu nao tiba ipo, wamekosa mtu. Na mtu huyo alipaswa kuwa sisi.

Wako watakaosema kwamba bibi amekwisha kula chumvi nyingi, ya nini kumpasua sasa? Asemaye hivyo amwulize bibi mwenyewe kama hatamani kuuona uso wa kitukuu chake, au kwenda chooni bila kuomba msaada. Wengine watasema kazi ya kanisa ni kuomba. Tuombe, ndiyo. Lakini kule Yeriko, waliomkemea Bartimayo anyamaze walikuwa wamo katika msafara wa Yesu. Kufuatana na Bwana njiani hakukuwazuia kuwa kizuizi kwa kipofu.

Fedha hatuna? Tumefanya harambee ya vipaza sauti, ya sare za kwaya, ya viti vya wageni wa heshima. Hatukukosa. Tulichokosa ni kuona kwamba nauli ya mjane nayo ni sadaka.

Kwa hiyo tufanye haya. Kila mzee wa kanisa aandike majina ya wasioona vizuri katika jumuiya yake. Kila usharika uwe na mfuko wa nauli chini ya diakonia. Vijana wetu wapangiwe zamu za kusindikiza, hata siku ya kurudi kuangaliwa. Na tusingoje mtu apofuke kabisa. Si kila upofu unatibika. Presha ya macho ikishaharibu mshipa wa jicho, uoni uliopotea haurudi. Ndiyo maana kupimwa mapema ni lazima.

Torati, katika sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, inatukataza kumwekea kipofu kikwazo, na katika sura hiyohiyo inatuamuru kusimama mbele ya mwenye mvi. Kusimama tunasimama, bibi akiingia kanisani. Sasa tuondoe kikwazo.