UJIRA WA MWANAMKE NA HESABU YA MKOLONI

Wazee wetu waliofanya kazi serikalini zamani za Mwingereza waliijua sana hesabu ya tatu kwa tano. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja na kutoa taarifa yake mwaka 1948, ilishauri kwamba Mwafrika au Mhindi akishika kazi iliyokuwa ikishikwa na Mzungu, apewe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Kazi ileile, meza ileile, na lawama zilezile akikosea. Ila mfukoni zilimwingia tatu, mbili zikabaki kwa serikali. Hesabu hiyo ilichukiwa kila mahali, hata mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikashauri ifutwe. Mwaka huohuo ndipo ilipozaliwa TANU.

Mkoloni hakusema kwamba anadhulumu. Alikuwa na sababu, tena alizitoa kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto. Alisema Mwafrika hana mahitaji mengi, ana shamba kwao linalomlisha, hadumu kazini, elimu yake ni ndogo, wala hajazoea madaraka. Wazee wetu walizisikiliza sababu hizo, wakazipima, wakazitupa.

Twayakumbusha haya kwa sababu maneno hayohayo twayasikia leo, nchi ikiwa huru, juu ya ujira wa mwanamke. Ati mwanamke hana mahitaji mengi, kwa kuwa ana mume. Ati hadumu kazini, kwa kuwa atazaa. Ati elimu yake ni ndogo, wala hajazoea madaraka. Safari hii wasemaji si mabwana wa London. Ni sisi kwa sisi, na wengine wana kadi ya Chama mfukoni.

Kwamba tofauti ipo, hapana ubishi. Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilisema kuwa duniani kote mwanamke hupata, kwa wastani, karibu asilimia 20 pungufu ya mwanamume. Ubishi uko katika sababu zake, na hapo ndipo twataka kusimama leo. Asiyejua chanzo cha ugonjwa hununua dawa yoyote anayouziwa.

Wa kwanza kusema ni yule asemaye kuwa kwetu tofauti hiyo haipo, kwa sababu mshahara wa serikali hufuata cheo. Mwalimu wa daraja fulani hulipwa kiasi kimoja, awe Juma au awe Asha. Hilo ni kweli, nasi twalisifu. Ni matunda ya Uhuru. Lakini twamwuliza ndugu huyu: ngazi ni moja, je, wapandaji ni wale wale? Nafasi ya masomo ya miezi sita mkoa mwingine ikitokea, nani huambiwa, "Wewe una watoto wadogo, tumpeleke mwenzako"? Kazi ya ziada ya jioni, yenye posho yake, nani huikosa kwa kuwa saa kumi na moja lazima awe nyumbani kupika? Mkuu akisafiri, nani hukaimu? Mwisho wa miaka 20, Juma na Asha walioanza siku moja hawako tena daraja moja, na karatasi za mishahara zitaonyesha kuwa sheria haikuvunjwa hata mara moja. Basi dhuluma yaweza kupita katikati ya sheria njema bila kugusa ukingo wake.

Wa pili husema kuwa wanawake wenyewe huchagua kazi nyepesi, na kazi nyepesi hulipwa kidogo. Huyu twamwalika aende Mtwara au Lindi akakae siku moja na wabanguaji wa korosho, ambao wengi wao ni wanawake. Ganda la korosho lina mafuta yachomayo ngozi. Mbanguaji hulipwa kwa kilo, na punje ikivunjika thamani yake hushuka. Fundi wa mitambo na mlinzi wa getini, ambao mara nyingi ni wanaume, hulipwa kwa mwezi. Mashine ikilala, fundi ana mshahara wake. Korosho zikichelewa kufika, mbanguaji hana kitu. Je, ni nani aliyechagua wepesi hapo?

Tena tuitazame kazi ya nyumbani. Zamani za ukoloni mpishi, dobi na boi wa mjini Dar es Salaam alikuwa mwanamume. Katika miaka ya 1950 watu hao waliunda chama chao cha wafanyakazi, wakadai haki zao bila woga. Leo kazi hiyo imepita mikononi mwa wasichana. Moto wa jikoni haukupungua, nguo hazikupungua, na mtoto wa kubeba mgongoni ameongezeka. Kilichopungua ni heshima: kazi haiitwi tena kazi, yaitwa "kusaidia nyumbani". Katika Amri ya Kima cha Chini ya mwaka 2013, mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri alipangiwa shilingi 40,000 kwa mwezi, akawa wa mwisho katika orodha nzima. Katika amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, alipangiwa 60,000, akawa wa mwisho tena. Wakati huohuo mfanyakazi wa shambani alipangiwa 140,000, na kima cha chini cha serikali kilikuwa 370,000.

Watasema kwamba msichana huyo anakula na kulala bure. Manamba wa mkonge naye alipewa posho ya unga na kibanda kambini, nasi tuliuita huo unyonyaji.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1968, huko Dagenham, Uingereza, wanawake 187 walioshona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford waligoma kwa muda wa wiki tatu. Walikuwa wamewekwa katika daraja la kazi zisizo na ujuzi, na hata katika daraja hilo walilipwa asilimia 85 ya ujira wa mwanamume. Mgomo wao ulisaidia kuleta sheria ya ujira sawa ya mwaka 1970. Lakini kuukubali ujuzi wao na kuwapandisha daraja kulichukua hadi 1984, baada ya mgomo mwingine. Somo lake ni wazi. Ni rahisi kwa tajiri kukubali kwamba kazi moja ilipwe ujira mmoja; ni vigumu kwake kukubali kwamba kazi ya wanawake ni ujuzi. Ndiyo maana Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, hausemi juu ya kazi moja tu. Wasema juu ya kazi yenye thamani sawa.

Wa tatu ndiye mwenye hoja yenye uzito, nasi twamheshimu. Husema: mwanamke huzaa, na mwenye kiwanda hupata hasara. Kuzaa ni kweli. Mwaka 2023 Claudia Goldin wa Marekani alipata Nishani ya Nobel ya uchumi kwa kuchunguza kazi na mapato ya wanawake wa nchi yake kwa miaka 200. Alionyesha kwamba katika nyakati hizi sehemu kubwa ya tofauti ya ujira huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa, hata kati ya watu wa kazi moja. Kabla ya mtoto, mume na mke walikuwa karibu sawasawa; baada ya mtoto, mmoja akaendelea kupanda na mwenzake akasimama.

Lakini angalia vizuri. Mtoto ana wazazi wawili, na aliyesimama ni mmoja. Kunyonyesha ni kwa mama. Kuoga, kulishwa, kupelekwa zahanati na kukesha na homa havikuandikwa mwilini mwa mtu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, jambo la kushukuru, ikampa baba siku 3. Mwenye kiwanda aliyesoma tarakimu hizo mbili ameelewa mara moja ni nani wa kuajiri. Kuhusu hasara, twasema hivi: mtoto anayezaliwa leo ndiye mlipa kodi, askari na mkulima wa kesho, ni mali ya taifa zima. Basi gharama ya kumleta duniani isiachiwe mama peke yake, wala tajiri mmoja mmoja, bali ibebwe na wote kwa mfuko wa pamoja. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii una fao la uzazi. Njia imeshafunguliwa, kinachotakiwa ni kuipanua imfikie na yule asiye na mkataba.

Wa nne ataja elimu. Naye twamjibu kwa swali: ni nani aliyeufunga mlango? Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule asirudi, na aliyempa mimba, akiwa mwanafunzi, mara nyingi aliendelea na masomo yake. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021. Tulifurahi, hata hivyo waliofukuzwa kabla ya hapo ndio watu wazima wa leo, wanaofagia maofisi waliyostahili kukalia viti vyake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ujira wake ni mdogo kwa kuwa hana cheti ni kumfunga mtu miguu kisha kumcheka kwamba hajui kukimbia.

Sasa twafika kwenye mzizi wenyewe. Wakati wa mkoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalichukua manamba kutoka mbali, yakawalipa kwa kipande cha siku 30. Ujira wao ulikuwa wa kapera: ulihesabiwa umtoshe mtu mmoja, mdomo mmoja. Watoto walikula nini? Walikula jasho la mama yao kijijini. Mwanamke aliyelima, aliyeuguza na aliyezika wazee ndiye aliyelipia nusu ya gharama za shamba la Mzungu, na jina lake halikuandikwa katika daftari lolote. Hivyo dhuluma ilikuwa moja yenye ncha mbili: mume alipunjwa kwa sababu mke alifanya kazi bure, na kazi ya mke ikahesabiwa si kitu kwa sababu haikuwa na kipande.

Bendera ilibadilika, daftari halikubadilika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, bila Jumapili wala sikukuu, na likawakemea wanaume wanaopumzika. Ni zaidi ya nusu karne sasa. Mwanamke wa mjini hutoka kazini akaingia zamu ya pili nyumbani, na zamu hiyo isiyo na ujira ndiyo humchosha, humchelewesha, humnyima masomo na cheo katika zamu yenye ujira. Hapo ndipo chanzo. Si udhaifu wa mwili wake wala upungufu wa akili yake. Ni ile hesabu ya zamani isemayo kwamba mfanyakazi ni mwanamume mwenye mtu wa kumfulia bure.

Kuna watakaotuambia tutulie, kwa kuwa tangu Machi 2021 mwanamke yuko Ikulu. Mwanamke mmoja kukaa juu ni fahari, lakini hakuongezi shilingi katika bahasha ya mbangua korosho.

Basi nini kifanyike? Katiba yetu, katika ibara ya 23, yampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi, na sheria ya 2004 yamtaka mwajiri ahakikishe hivyo. Sheria haina macho mpaka ipewe tarakimu. Twataka kila mwajiri mkubwa, kuanzia mashirika ya umma, atoe kila mwaka hesabu ya vyeo na mishahara ya wanaume na ya wanawake, tuione. Twataka bodi za mishahara zipime upya thamani ya kazi ya ndani, ya kulea na ya kubangua. Twataka siku za baba ziongezwe, na vituo vya kulelea watoto vijengwe karibu na viwanda na masoko. Na vyama vya wafanyakazi viwapeleke wanawake kwenye meza ya majadiliano, si kupika chai ya kikao. Asiyekuwepo na lake halipo.

Lakini neno la mwisho ni letu wenyewe. Mwanachama anayesimama jukwaani kulaani unyonyaji, ajiulize kabla hajapanda: yule binti anayeamka saa kumi na moja alfajiri nyumbani kwangu, namlipa ngapi? Namlipa mkononi mwake, au namwambia namtunzia? Ana siku ya kupumzika? Ana karatasi yoyote inayoonyesha kuwa ameajiriwa? Na akirudi kazini jioni pamoja na mkewe, ni nani ashikaye sufuria na ni nani ashikaye gazeti hili?

Twaomba kila tawi liweke jambo hili katika ajenda ya kikao chake kijacho, na majibu ya maswali hayo yatolewe na wanaume kwanza.