Tupa za Babu Tuliziuza kwa Kilo

Nilipoweka mtandaoni picha ya sakafu yenye vumbi jeupe na vipande vya udongo vilivyovunjika, rafiki yangu wa tangu chuo, mtu wa vitabu na hoja, aliniandikia: "Yaani umepanda treni, ukapanda na basi, kwenda kuangalia takataka za Wazungu?" Akamalizia na vikatuni vitatu vya kucheka hadi machozi.

Mwanzoni nilitaka kumjibu kwa mzaha. Sasa, wiki tatu baadaye, nataka kumjibu kwa hasira kidogo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Takataka hizo ziko Broseley, mji mdogo wa Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Watalii wengi huishia bondeni, Ironbridge, kupiga picha na daraja la chuma la 1779 ambalo kila kitabu cha historia ya viwanda hulitaja. Wanaopanda kilima hadi Broseley ni wachache. Siku niliyokwenda tulikuwa watano, na wawili kati yetu walikuwa wamekimbia mvua.

Humo vilitengenezwa viko vya udongo, vile vyeupe vyenye mrija mrefu unaoviona kwenye michoro ya Waholanzi wa karne ya 17. Mji huu ulifinyanga viko kwa zaidi ya miaka 300, na sifa yake ilienea hata jina la mji likawa jina la bidhaa: mtu aliomba "Broseley", akaletewa kiko. Kisha vikaja viko vya mti, ikaja sigara ya mashine, na baada ya vita viwili vya dunia nani tena alitaka kitu kinachovunjika kikianguka mezani? Kiwanda cha familia ya Southorn kilifungwa miaka ya 1950. Mlango ukafungwa, vitu vikabaki ndani. Kilipofunguliwa tena kuwa makumbusho miaka ya 1990, waliokifungua walifanya jambo moja la busara sana: walikiacha karibu kama walivyokikuta. Zana ziko mezani. Vumbi liko dirishani.

Mama mmoja mzee, wa kujitolea, alituonyesha kazi ilivyokwenda. Unachukua donge la udongo mweupe, unalisukuma kwa kiganja mpaka linakuwa na kichwa kinene na mkia mrefu, kama kiluwiluwi. Unaliacha likauke kidogo, likipoteza ulaini lakini si unyevu wote. Halafu inakuja sehemu ya roho mkononi: unapitisha waya uliopakwa mafuta katikati ya mkia, kutoka ncha moja hadi karibu na kichwa, bila kuutoboa ubavuni. Huoni ndani. Unasikiliza kwa vidole. Kisha unalaza donge, waya ukiwa bado ndani, kwenye kalibu ya chuma yenye nusu mbili, unaibana kwenye jiliwa, unashusha mkono wa chuma unaochimba bori, yaani kile kichwa kinachobeba tumbaku, na mwisho unasukuma waya mpaka utokeze ndani ya bori. Waya usipotokeza, umetengeneza fimbo.

Kutoka hapo kiko kilikwenda kwa wanawake. Ndio waliokata ukingo wa udongo uliobanwa kati ya nusu mbili za kalibu, wakalainisha mshono, wakakipanga kikauke. Kisha viko viliwekwa ndani ya vyungu vizito na kuingizwa kwenye tanuri lenye umbo la chupa, ghorofa nzima ya matofali, likawashwa kwa makaa ya mawe. Malipo yao yalikuwa kwa idadi ya viko. Nilisimama mbele ya meza yao nikatazama pale mbao zilipolika kwa viwiko. Mbao zimelika kweli. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kukasirika, ila sikujua bado na nani.

Rafiki yangu atasema: sawa, kazi ngumu, lakini bado ni takataka. Basi tuzungumzie takataka.

Kiko cha udongo kilikuwa rahisi mno. Kilivunjika, kikatupwa, kikanunuliwa kingine. Ukitembea kando ya mto Thames maji yakipwa, vipande vya mirija bado vinaokotwa kama vifuu vya pwani yetu. Na kwa sababu vilitupwa hovyo na kila mtu, vimekuwa saa ya wanaakiolojia. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja, J. C. Harrington, alipima matundu ya mirija iliyofukuliwa Virginia akagundua kwamba yalikuwa yakipungua kadiri miaka ilivyokwenda: karibu milimita tatu na nusu mwanzoni mwa karne ya 17, chini ya mbili kufikia 1800. Mirija ilirefuka, waya ukawa mwembamba. Ule waya wa mafuta nilioutazama Broseley, ukiwa mikononi mwa watu wasioandikwa popote, umewaachia wasomi kalenda.

Kuna kisa kikubwa zaidi ya hicho. Huko Belvoir, jimbo la Maryland, palifukuliwa makazi ya watumwa wa shamba, na ndani yake vipande vya viko vya udongo. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamepata vinasaba kwenye mrija mmoja, vilivyoachwa na mate ya mvutaji. Mvutaji alikuwa mwanamke. Nasaba yake iliwakaribia zaidi Wamende wa Sierra Leone. Hakuna barua yake, hakuna kaburi lenye jina, hakuna picha. Kuna mrija uliotupwa. Kama mtu fulani mwenye akili za rafiki yangu angefagia vizuri, mama huyo asingekuwepo kabisa.

Wala simwachii Mwingereza aende zake akijisifu kwa ufundi. Mwaka 1619 Mfalme James aliwapa watengeneza viko wa Westminster hati ya kuunda chama chao, yeye aliyekuwa ameandika kijitabu cha kulaani tumbaku miaka 15 kabla. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Waafrika walioporwa kutoka Angola walishushwa Virginia, koloni lililokuwa tayari likiishi kwa tumbaku. Bori la Westminster lilingoja jani la Virginia. Nani alilipanda jani hilo kwa miaka 200 iliyofuata, tunajua. Mtu anaweza kusimama Broseley na kufikiri mambo hayo yote, kwa sababu kiwanda kipo. Ukibomoa kiwanda, unabomoa hata pa kusimama ukiuliza.

Sasa niseme kilichonipeleka huko.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mchonga viko Arusha. Wengi wa rika langu hawajui kwamba Arusha ilichonga viko, nami nisingejua kama si yeye. Kule Sinya, Longido, upande wetu wa bonde la Amboseli, kuna jiwe jeupe, jepesi, laini kama sabuni kuukuu, ambalo Wajerumani huliita meerschaum, povu la bahari. Katika miaka ya 1950 iliundwa kampuni ya kulitumia, Tanganyika Meerschaum Corporation, na viko vyake viliuzwa nje vikiwa na alama ya tembo na jina moja la Kiswahili: Kiko. Mpaka leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanauziana. Mzee wa Marekani asiyejua hata "jambo" anatamka neno letu akiwa na kiko mdomoni, na sisi hatuna habari.

Babu hakuvuta. Alichonga tu. Alipostaafu alirudi nyumbani na boksi la mbao: tupa za ukubwa mbalimbali, patasi ndogo tatu, keekee ya mkono, vipande vya msasa vilivyolainika kama kitambaa. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuligusa, kwa hiyo tuliligusa. Alipofariki, shangazi alisafisha nyumba ili ipangishwe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni. Nilikuwa kidato cha tano, likizo. Tuliziuza tupa za babu kwa kilo.

Hii ndiyo hasira yangu. Lakini haiishii nyumbani kwetu, maana sisi tulifanya tulichofundishwa.

Fikiria ziara zote za makumbusho ulizopelekwa ukiwa shule. Mafuvu ya Olduvai, na ni haki yake. Viti vya machifu, ngoma, mikuki. Gari la rais. Nyumba za nyasi, kila kabila na yake, kana kwamba hakuna babu wa mtu yeyote aliyewahi kulala kota au kuamshwa na king'ora cha kiwanda. Tumehifadhi waliotawala na tumehifadhi visukuku. Katikati ya zama za mawe na ikulu kuna shimo, na ndani ya shimo hilo wamo mabibi na mababu zetu wenyewe: wachambua mkonge, makuli wa bandari, mafundi reli, washona viatu, wachonga viko. Arusha hiyohiyo ina Makumbusho ya Azimio, yaliyofunguliwa 1977 kuadhimisha siasa ya wakulima na wafanyakazi. Nimeingia mara tatu. Niliona picha nyingi za viongozi wakizungumza na wafanyakazi. Sikuona meza ambayo mfanyakazi aliilia viwiko.

Tusikimbilie kusema hakuna fedha. Broseley si kasri. Ni jengo lililochakaa, tanuri moja na wazee wachache wa kujitolea wenye chupa ya chai. Kilichohitajika kwanza kilikuwa mtu wa kusema: msiguse. Sisi tuna fedha za kujenga geti la makumbusho lenye vigae, kisha ndani tunaweka nakala.

Najua wasomi wenzangu watanijia kwa njia mbili. Wa kwanza watasema makumbusho ni ugonjwa wa wakoloni, wa kuiba vitu na kuvifungia kwenye vioo. Sisi Waafrika kumbukumbu zetu ni za mdomo. Nimelisikia sana hili, mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukaa na bibi yao saa moja wakiwa na daftari. Mdomo ni hazina, ndiyo, mradi kuna mtu anayeuliza. Kiswahili cha Unguja kilikuwa na jina la kila kiungo cha kiko cha maji: bori juu, digali linaloshuka kutoka kwenye bori, kiko chenyewe ambacho ni kile chombo cha maji, shilamu linaloingia mdomoni, na malio, ule mlio wa maji yakibubujika ukivuta. Majina matano. Nimeyakuta kwenye kitabu cha Edward Steere, mmisionari, kilichochapishwa 1870. Katika rika langu sijakutana na mtu anayeyajua hata mawili. Mdomo uliyasahau, mmisionari akayaandika, halafu tunakaa kwenye semina tukisema uhifadhi si utamaduni wetu.

Wa pili watasema: tumbaku inaua. Inaua kweli, Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Na inaua hata kabla haijawashwa. Nenda Urambo uone miombo inavyogeuzwa kuni za kukaushia jani, umwulize mkulima analala na deni la mbolea la misimu mingapi. Lakini hoja hiyo inanielekeza kinyume na wanakotaka niende. Ukitaka mtoto wa Tabora aelewe jani la baba yake linakwenda wapi na faida inabaki kwa nani, mpe kitu cha kushika. Kiko cha jiwe la Sinya, kilichochongwa Arusha, kikauzwa Ulaya na Marekani, kinaeleza biashara nzima kuliko kitabu cha kiada. Kuficha kiko hakujamwokoa mkulima hata mmoja.

Yule mama wa Broseley aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akauliza kama kwetu kuna makumbusho ya viko. Nikajibu, "Bado." Nilipofika kituo cha basi nililiona hilo "bado" kuwa uongo wa adabu, kwa hiyo jioni nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko bado baridi?"

"Bado. Shangazi, unakumbuka vile vyuma vya babu? Vya kwenye boksi la chini ya kitanda?"

Akakaa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekatika. "Vile tuliviuza. Si wewe ndiye uliyekuwa umesoma mizani, ukasema yule kijana anatupunja?"

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau. Niligombana na mnunuzi kwa ajili ya nusu kilo, nikashinda, na nikajiona mjanja.

Nikamweleza shangazi nilichokiona: waya, kalibu, meza ya wanawake. Alisikiliza kama anayesikiliza habari za ndugu wa mbali. Kisha akasema kuna mzee mmoja aliyekaa benchi moja na babu, anaishi Ngarenaro kwa binti yake. Masikio yamechoka lakini akili iko sawa, na mwaka juzi msibani alikuwa bado akichonga vijiti kwa kisu ili asikae bure. Hajui kama ana zana zozote zilizobaki. Hajawahi kumuuliza.

"Nikija Desemba utanipeleka?"

"Nitakupeleka. Lakini uje na kalamu na karatasi kubwa, uandike maswali kwa herufi kubwa, maana hasikii. Na usimwendee mikono mitupu, umpelekee sukari."